Ratiba ya masomo ya nyumbani: anza na saa ulizo nazo, si na ratiba ya shule

Swali: Assalamu alaikum, mwalimu. Mimi ni mama, naishi Likoni. Muhula uliopita tulimtoa kijana wetu wa miaka tisa shuleni. Yuko Gredi ya Nne, darasa lilikuwa limejaa, hisabati ilimshinda, na ikafika mahali kila asubuhi anasema tumbo linamuuma. Sasa namsomesha nyumbani pamoja na mdogo wake wa kike wa miaka mitano. Nilibandika ratiba ukutani, masomo manane kila siku, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane. Haikufika Jumatano. Mimi nauza mahamri na mbaazi barazani hadi saa mbili na nusu, baba yao yuko bandarini kwa zamu, na saa nane na nusu watoto wanakwenda chuoni, yaani madrasa. Kijana anagoma, mdogo anavuruga, mimi napiga kelele, usiku nalala na majuto. Nipange vipi siku hii?

Jibu: Waalaikumu salaam, dada yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nataka tuanze na hiyo karatasi ya ukutani. Imeandikwa kwamba masomo yanaanza saa mbili, nawe umesema uko kwenye karai hadi saa mbili na nusu. Basi kila siku ilianza ikiwa imechelewa. Mtoto ana macho. Akishaona mara mbili kwamba karatasi inasema hili na nyumba inafanya lile, hataifuata tena hata ukiiandika upya kwa wino wa dhahabu. Hapo hujashindwa kusomesha. Ulichofanya ni kuchukua ratiba ya jengo lenye walimu wengi na kengele, ukaiweka ndani ya nyumba yenye mama mmoja na karai la mafuta moto.

Tuitazame hiyo ya shule kidogo, maana ndiyo inayokutia hofu. Gredi ya Nne ina vipindi 35 kwa wiki, kila kimoja dakika 35. Ukijumlisha unapata saa ishirini na kitu, takriban saa nne kwa siku. Ni nyingi. Lakini ingia darasani uone kipindi kimoja kinavyokwenda: mwalimu anaingia, wanasalimiana, ubao unafutwa, madaftari yanagawiwa, kuna asiye na kalamu, kuna anayeomba kwenda msalani. Mwalimu anaeleza, kisha anazunguka kati ya madawati akitazama kazi za watoto hamsini. Katika darasa kama hilo mtoto anaweza kumaliza wiki nzima bila mwalimu kumsikia akisoma ukurasa mmoja kwa sauti. Kwako wewe kila ukurasa anaousoma unausikia, na kila hesabu anayokosea unaiona pale pale kalamu inapoteleza. Ndiyo maana nasema, kwa mtoto wa miaka tisa, saa moja na nusu hadi saa mbili za kukaa naye ana kwa ana, pamoja na saa moja ya kazi afanyayo peke yake, zinatosha. Kwa huyo wa miaka mitano, dakika ishirini asubuhi zinatosha kabisa, na hadithi jioni.

Sasa kazi yetu ni kuzitafuta hizo saa mbili ziliko, kisha kuzilinda.

Kwa siku tatu usifundishe chochote kipya. Chukua daftari, uandike nyumba yako inavyokwenda kweli: saa ngapi unaamka, saa ngapi unga uko tayari, mteja wa mwisho anaondoka saa ngapi, wali unaingia jikoni saa ngapi, mdogo analegea saa ngapi. Andika kilichotokea, usiandike kilichopaswa kutokea. Nimewaona akina mama wengi wakilipuuza zoezi hili kwa sababu linaonekana dogo, kisha wanarudi kwenye karatasi ya manila na kalamu za rangi. Manila haijui kwamba Jumanne unavuka feri kwenda Kongowea kununua nazi na unga.

Uzuri ni kwamba siku yako tayari ina nguzo. Mahamri asubuhi ni nguzo. Chuo saa nane na nusu ni nguzo. Na swala ni nguzo imara kuliko zote, tena kwa mtu wa Mombasa ina faida ambayo Mwislamu wa London hana. Tuko digrii nne tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo Adhuhuri yetu haisogei sana: mwaka mzima inaingia kati ya saa sita na dakika chache na saa sita na nusu hivi. Magharibi nayo inacheza mumo humo kwenye nusu saa. Una saa ya ukutani ambayo haihitaji betri na ambayo watoto wameshazoea kuitii. Panga siku kwa mfuatano wa nguzo hizo. Waambie watoto, "tukimaliza kuosha vyombo vya mahamri, tunatandika mkeka, adhana ya Adhuhuri ikilia, tunaukunja." Ukisema hivyo, ukichelewa kumaliza biashara kwa robo saa hakuna kilichoharibika, kwa sababu hukuahidi dakika. Uliahidi kwamba hili linafuata lile.

Hilo la mkeka nalisisitiza. Mama anayesomesha ni mama na ni mwalimu kwa mwili mmoja, na mtoto hajui sasa hivi anazungumza na yupi. Toa mkeka mmoja uwe wa darasa tu, usilaliwe na usiliwe juu yake. Ukitandikwa, simu inawekwa juu ya kabati, vitabu vinatoka, na wewe unaitikia kama mwalimu: jirani akibisha barazani kuuliza kama mahamri yamebaki, mwambie arudi baada ya Adhuhuri. Ukikunjwa, usimkumbushe mtoto tena kuhusu hesabu alizokosea, hata mkiwa mnakula. Mwache awe mwanao.

Kutokana na ulivyonieleza, mkeka wako unaweza kutandikwa saa tatu. Kabla ya hapo, kati ya Alfajiri na saa mbili na nusu, usijaribu kufundisha. Wacha watoto wale, waoge, watandike vitanda, kijana afagie uwanja. Kama anapenda kukusaidia kuhesabu chenji, ni vizuri, mradi isizidi nusu saa na mradi aandike: mahamri mangapi yametoka jikoni, mangapi yameuzwa, fedha ngapi ziko bakulini. Biashara yako ni darasa zuri la hisabati, lakini ukimfanya kijana muuzaji wa kila asubuhi umempa kazi ukaiita shule, na yeye atajua tofauti.

Mkeka ukitandikwa, anza na mdogo. Najua wengi hufanya kinyume, wanampa mdogo simu ili wamkabili mkubwa. Mtoto wa miaka mitano anavuruga kwa sababu ana njaa ya kutazamwa. Mpe macho yako yote kwa dakika ishirini za mwanzo, kisha atakuachia saa nzima. Wakati huo mkubwa yuko upande wa pili wa mkeka na kazi asiyohitaji msaada: ananakili aya moja kwa mwandiko mzuri, au anarudia tebo ya kuzidisha aliyokwisha kuijua. Kwa mdogo, fundisha kusoma kwa Kiswahili kwanza. Lugha yetu inaandikwa inavyotamkwa. Mtoto anayeijua ba, be, bi, bo, bu na ma, me, mi, mo, mu anaweza kusoma baba, bibi, mama na bamia kabla ya mwezi kwisha, na ile furaha ya kusoma neno zima peke yake ndiyo itakayombeba akifika kwenye Kiingereza, ambacho kinaandikwa hivi na kutamkwa vile. Andika silabi kwa chaki sakafuni, aruke kutoka moja hadi nyingine akizitaja. Baada ya dakika ishirini mpe kikapu chake: vizibo vya chupa, simbi za pwani, tepe ya kushonea, ubao mdogo na chaki. Kikapu hicho kitoke wakati wa mkeka tu, kisha kifichwe. Kikikaa wazi kutwa nzima, kitaonekana takataka kabla ya Ijumaa.

Sasa kijana. Hisabati iwe ya kwanza, saa tatu na nusu hivi, kabla joto halijapanda. Januari hadi Machi Mombasa, saa tano unusu mtoto hawezi kufikiri chini ya bati. Kipindi kiwe dakika thelathini, na nakuomba ukigawe hivi. Dakika tano za mwanzo rudieni hesabu moja au mbili alizokosea jana. Akizipata, anaanza siku akiwa mshindi. Kisha dakika kumi jambo moja jipya, moja tu, tena kwa vitu kabla ya kalamu. Tuseme mnasoma akisami. Wewe kila usiku unakanda unga. Asubuhi ukisukuma donge likawa duara, unalikata msalaba, unapata mahamri manne. Kila hamri ni robo ya duara. Mpe kipande cha unga kilichobaki, asukume mwenyewe na akate. Muulize: hamri mbili ni kiasi gani cha duara? Atasema mbili ya nne, kisha ataona kwamba ni nusu, kwa macho yake, kabla hujamwambia. Halafu muulize: mteja akitaka mahamri saba, umesukuma maduara mangapi? Mwache atulie. Moja na robo tatu. Mtoto aliyelifikia jibu hilo kwa mikono yake ameelewa jambo ambalo kitabu hukaa nalo kurasa kadhaa. Dakika kumi na tano zilizobaki aandike daftarini: hesabu sita, si ishirini. Sita zinatosha kukuonyesha kama ameelewa. Kama hajaelewa, ishirini zitamfundisha kukosea tu.

Baada ya hesabu ainuke. Achote maji, amwagilie sukuma wiki, azunguke nyumba mara tatu. Usipange masomo mawili ya kuandika kwa mfuatano. Kazi ya kalamu ikiisha, ifuate ya mdomo, kisha ya mikono au miguu. Ukishika kanuni hii peke yake, mgomo unaoniambia utapungua nusu.

Ifuatayo ni kusoma kwa sauti, dakika ishirini. Leo Kiswahili, kesho Kiingereza, kwa kupokezana. Hapa nina jambo dogo la kukuomba. Akikwama kwenye neno, usimtajie haraka. Hesabu moyoni hadi tano. Mara nyingi atarudi nyuma, atalivunja neno vipande, atalipata. Ukimtajia kila mara, anajifunza kukutazama usoni badala ya kutazama ukurasa. Asipolipata baada ya hapo, mtajie kwa sauti ya kawaida tu na msonge mbele. Akimaliza, mwambie afunge kitabu akueleze kwa maneno yake alichosoma. Mwanzoni atasema sentensi moja. Baada ya wiki chache atakuchosha kwa maelezo, na hapo ndipo insha inapoanzia, maana mtoto asiyeweza kusimulia kwa mdomo hawezi kuandika.

Kwa masomo mengine, acha kabisa wazo la manane kwa siku. Yapange kwa wiki. Jumatatu na Jumatano, baada ya kusoma, nusu saa ya sayansi pamoja na kilimo. Jumanne na Alhamisi, masomo ya jamii. Sanaa na michezo zina mchana wake. Elimu ya dini anaipata chuoni kila siku, kwa hiyo usimrudishie nyumbani zaidi ya kupitia kitabu cha IRE (somo la dini ya Kiislamu la shuleni) cha gredi yake mara moja kwa wiki, ili ajue maswali ya shule yanavyoulizwa. Vitabu vya Gredi ya Nne kwa sayansi na jamii vimeandikwa kwa Kiingereza, na hapo watoto wetu wengi wa pwani huonekana hawajui kitu wanachokijua vizuri. Mweleze jambo kwa Kiswahili hadi alishike, kisha mtoe pamoja maneno matatu ya Kiingereza kwenye ukurasa huo, ayaandike nyuma ya daftari. Maneno matatu kwa somo, hadi mwisho wa muhula ana mengi.

Na kwa kuwa mko Likoni, bahari iko mlangoni. Mpe kijana mradi wa mwezi mmoja. Kila siku mnaposhuka ufukweni, au akimuuliza mvuvi, aandike maji yalijaa saa ngapi, na usiku achore mwezi ulivyo. Baada ya siku chache ataona kwamba maji yanachelewa kila siku, kwa wastani wa dakika hamsini. Baada ya wiki mbili ataona bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana, inakuja na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na maji mafu, yanayojaa kidogo, yanakaa katikati. Hapo ana hesabu ya saa, ana jedwali, ana sayansi ya mwezi, ana msamiati ambao babu zake walivulia samaki, na hajaona kama yuko shuleni. Daftari moja la namna hiyo nalithamini kuliko kurasa hamsini za kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

Saa tano mkeka wako umemaliza kazi inayohitaji macho yako. Wewe ingia jikoni. Yeye abaki barazani au mlangoni pa jiko na kazi ya peke yake: mchoro wa ramani, kusoma kitabu alichochagua, kumalizia jedwali la maji. Usimwite kila dakika kuuliza amefika wapi. Adhuhuri ikiingia, kunja mkeka, mswali, mle, mpumzike. Mpumzike kweli, hata wewe ulale dakika ishirini. Umeamka kabla ya Alfajiri. Chuo kinawachukua saa nane na nusu. Wakirudi, hadi Magharibi ni mpira na kucheza na watoto wa mtaa. Usiiguse saa hiyo. Mtoto aliyetolewa shuleni anakosa wenzake kuliko anavyokosa vitabu, na mtu akikuuliza mwanao atajifunza wapi kuishi na watu, jibu lako liko pale uwanjani.

Baada ya Magharibi, robo saa ya hadithi. Hapa mpe baba nafasi yake zamu yake inapomruhusu. Awasomee, au awasimulie meli iliyotia nanga leo ilitoka nchi gani na ilibeba nini, wakaitafute kwenye ramani. Nakuomba usimfanye mkaguzi, yaani mtu anayerudi amechoka halafu anaulizwa aone madaftari na kumgombeza kijana. Wiki ambayo zamu yake ni ya usiku na mchana yuko nyumbani, anaweza kuchukua hisabati mara moja, nawe ukapata pumzi.

Ijumaa iwe nyepesi. Asubuhi mapitio ya wiki: hesabu tano zilizochanganywa, imla ya sentensi nne, kisha maandalizi ya swala ya Ijumaa. Mara moja kwa mwezi, siku nyingine, toka nao. Feri haimtozi mtembea kwa miguu. Ng'ambo kuna Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593. Muonyeshe kuta, mwambie kwamba Waomani waliizingira kuanzia 1696 na wakaitwaa 1698, kisha mwachie yeye akuulize walikula nini humo ndani muda wote huo. Swali lake ndilo somo la jamii la wiki hiyo.

Zitakuja siku mbovu. Mdogo ana homa, stima imekatika, kuna msiba kwa jirani, unga umeharibika na umekanda upya. Kwa siku hizo uwe na ratiba fupi iliyokubaliwa mapema: hesabu tatu, ukurasa mmoja wa kusoma kwa sauti, basi. Dakika ishirini na tano. Usiruke siku nzima na usijaribu kufidia kesho kwa kufundisha mara mbili. Majuto unayolala nayo yanatokana na kuhesabu siku kama imepotea yote au imepatikana yote. Ramadhani nayo ipange kabla haijafika. Miaka hii inaangukia muhula wa kwanza, na usiku wa nyumba unabadilika: kuna daku, kuna Tarawehe, na wewe utakuwa na biashara ya futari alasiri. Sogeza mkeka uanze saa nne, punguza masomo yawe mawili kwa siku, na hayo ya sayansi na jamii yatangulie Januari au yafidiwe Aprili.

Kuhusu machozi. Kijana ametoka mahali alipokuwa akiogopa, na woga huo hauishi siku anayovua sare. Akianza kulia juu ya hesabu, kalamu ichukue wewe. Rudi kwenye hesabu ya mwisho aliyoiweza, aifanye, mwambie amefanya vizuri, fungeni daftari. Somo lisiishie kwenye machozi. Na wewe ukihisi sauti inapanda, sema tu, "tupumzike, nakunywa maji," utoke barazani. Hakuna akisami iliyowahi kuingia kichwani kwa kelele.

Kuna upande wa sheria na mitihani, na huu ushughulikie sasa, usingoje. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule, na haikuyapa masomo ya nyumbani kifungu chao cha kuyaruhusu. Kwa hiyo usijifiche, wala usisubiri kuulizwa. Nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, eleza hali ya mtoto, na tafuta shule iliyosajiliwa itakayokubali kumwandikisha kwa ajili ya tathmini. Hili la tathmini lina uzito kwa gredi yake hasa. Tathmini za shuleni za Gredi ya Nne, ya Tano na ya Sita hufanya asilimia 60 ya alama za mwisho wa shule ya msingi, na mtihani wa KPSEA wa Gredi ya Sita hufanya asilimia 40. Alama hizo za KNEC, baraza la mitihani la taifa, hupitia shuleni. Mzazi akidhani atamwandikisha mtoto akifika Gredi ya Sita, ameshachelewa miaka miwili. Pamoja na hilo, weka daftari la kumbukumbu: kila jioni mstari mmoja kwa kila mtoto, tarehe, ukurasa wa hisabati, alichosoma, na alichofanya kwa mikono. Hifadhi kazi zake bora kwenye faili moja. Ofisa akija, au mkiamua siku moja kumrudisha shuleni, huna haja ya kujieleza sana.

Simu sijaisahau. Vipindi vya redio na televisheni vya KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, vinafaa kama nyongeza saa tano, wewe ukiwa jikoni, kimoja kwa siku, tena umchagulie mwenyewe. Usimwachie atafute.

Anza na haya kwa wiki mbili bila kubandika kitu ukutani. Mwisho wa wiki mbili utaona kama saa tatu ndiyo saa yenu au ni saa tatu na nusu, kama kusoma kutangulie hesabu, kama Alhamisi imebeba mno. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, ili ujue lililoleta nafuu.

Ila kama baada ya hapo hisabati bado inaleta machozi, ratiba haina kosa. Umesema somo hilo lilimshinda tangu shuleni, na nina shaka anabeba pengo la zamani. Azima kitabu cha hisabati cha Gredi ya Tatu, na cha Gredi ya Pili pia. Keti naye asubuhi moja tulivu, bila kumwambia ni vya gredi gani, mpe hesabu mbili mbili kutoka kila mada: kukopa kwenye kutoa, tebo ya sita na saba, kusoma saa. Mahali atakapoanza kutazama dari, simama, weka alama kwenye ukurasa huo. Anzia pale, hata kama ni kitabu cha miaka miwili nyuma, na msikimbie. Mtoto mmoja na mwalimu mmoja wanaweza kupita kitabu cha mwaka mzima kwa miezi michache pengo likishapatikana. Niandikie ukishaujua ukurasa huo, tupange wiki nne zinazofuata kuanzia hapo.